Kaboni ndani ya mawe ya chuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupunguza koki katika tanuru refu

Lubumbashi ni mji wa shaba. Mtu aliyekulia mitaa yake ya Kenya au Katuba anajua dohani ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima wa skori (takataka inayobaki madini yakiyeyushwa) ulio karibu nayo kabla hajajua kusoma, lakini tanuru la chuma wengi wetu tumeliona kwenye picha tu. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wanafunzi wa metaluji, mafundi wa kuyeyusha vyuma wa huku kwetu na Likasi, na wazazi wanaotaka kujua watoto wao wanasomea nini. Nimeyapanga kadiri mazungumzo yanavyokwenda. Mengine yanahitaji jibu refu, mengine sentensi chache zinatosha.

Tanuru refu linafanyaje kazi?

Ni mnara wa chuma uliojengwa ndani kwa matofali yanayostahimili moto. Juu humwagwa mzigo kwa tabaka: koki, kisha mawe ya chuma pamoja na mawe ya chokaa, kisha koki tena. Chini, kupitia mabomba yanayoitwa tuyeri, hupulizwa hewa iliyopashwa hadi nyuzi 1100 au 1250. Hewa hiyo inachoma koki iliyo mbele ya tuyeri, na hapo joto linapita nyuzi 2000. Gesi ya CO (monoksidi ya kaboni) inayozaliwa inapanda katikati ya mzigo, inaupasha joto na kunyang'anya mawe oksijeni yake.

Mzigo unachukua saa sita hadi nane kushuka. Gesi inapanda kwa sekunde chache tu. Ufanisi wote wa tanuru unategemea gesi hiyo imefanya kazi gani katika sekunde hizo.

Chuma kinachotoka chini kina joto la karibu nyuzi 1500 na kaboni ya asilimia 4 hadi 4.5. Hicho bado si chuma cha nondo. Lazima kipelekwe kwenye tanuru lingine, kipulizwe oksijeni, na kaboni ipungue.

Koki ni kitu gani, na kwa nini kila mtu anataka kuipunguza?

Koki ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa mpaka gesi zake zikatoka, yakabaki mapande magumu yenye vitundu. Si kila makaa ya mawe yanatoa koki. Yanatakiwa makaa yanayolainika yakipata joto, kisha yakashikana, na makaa ya aina hiyo ni machache na ni ghali.

Watu wa Katanga wanalijua jambo hili kwa historia yao wenyewe. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka 1911 matanuru ya kampuni ya Union Minière yalianza kutoa shaba. Koki yake ilikuja kwa treni kutoka Wankie, mahali panapoitwa leo Hwange, nchini Zimbabwe. Makaa ya Luena, yaliyo huku huku Katanga, yalifaa kuchomwa tu. Hayakuweza kutoa koki ngumu. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini ubora wa makaa ni jambo la uchumi wa nchi nzima, mwonyeshe ramani ya reli.

Kiasi chenyewe ni hiki: tanuru la kisasa linatumia karibu kilo 500 za vitu vyenye kaboni kwa kila tani ya chuma. Kati ya hizo, kilo 300 hadi 400 ni koki, na zinazobaki ni makaa ya mawe yaliyosagwa na kupulizwa kwenye tuyeri. Kila kilo ya kaboni ikiungua yote inatoa karibu kilo 3.67 za CO2 (dioksidi ya kaboni). Ndiyo maana utengenezaji wa chuma duniani unachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya CO2 inayotokana na kazi za binadamu.

"Mawe ya chuma yenye kaboni ndani" maana yake nini hasa?

Ni unga wa mawe ya chuma uliochanganywa na unga wa makaa ya mawe, koki au makala (makaa ya miti), kisha ukafinywa kuwa kidonge au briketi. Badala ya kaboni kukaa kwenye tabaka lake na mawe kwenye tabaka lao, vinakaa pamoja, chembe kwa chembe, ndani ya kipande kimoja.

Ukipasua briketi hiyo kabla ya kuichoma, unaona weusi mtupu na vidole vinachafuka. Ipashe joto mpaka nyuzi 1100 hivi ndani ya chombo kilichofunikwa, iache ipoe humo humo, kisha ipasue tena. Sasa ni ya kijivu, nyepesi, yenye vitundu kama mkate. Ukiisugua kwa tupa inang'aa. Huo mng'ao ni chuma, na hakikuyeyuka hata kidogo.

Kwa nini ukaribu wa kaboni na mawe unaleta tofauti kubwa hivyo?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo twende taratibu.

Mawe ya chuma hupoteza oksijeni kwa hatua. Hematiti inakuwa magnetiti, magnetiti inakuwa wustiti (FeO), na wustiti inakuwa chuma. Hatua mbili za kwanza ni rahisi, gesi dhaifu inatosha. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu: wustiti inataka gesi yenye CO nyingi sana. Kwenye nyuzi 1000, CO2 ikifika karibu asilimia 28 tu ya jumla ya CO na CO2, kazi inasimama. Gesi bado ina CO nyingi, lakini wustiti haitoi tena oksijeni.

Sasa kuna kazi ya pili inayokwenda sambamba. CO2 ikikutana na kaboni yenye joto la kutosha, inageuka kuwa CO mbili, na kazi hiyo inakula joto jingi. Ndani ya briketi, chembe ya mawe inatoa CO2, chembe ya kaboni iliyo jirani inaigeuza papo hapo kuwa CO, na CO hiyo inarudi kwenye mawe. Duara hilo linazunguka ndani ya umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Chuma kinapoanza kuonekana, chenyewe kinaharakisha kaboni kuliwa na CO2, kwa hiyo kazi inajisukuma.

Kwenye mzigo wa kawaida, CO2 hiyo inabidi itoke ndani ya jiwe, isafiri mpaka kwenye pande kubwa la koki, na koki hiyo ni ngumu na mvivu kwa sababu imetengenezwa makusudi iwe hivyo. Chumvi iliyowekwa pembeni ya sahani haiwezi kukoleza sombe kama ile iliyochemka nayo.

Nimesoma kwamba siri ni "kushusha joto la ukanda tulivu". Ndiyo nini?

Katikati ya tanuru kuna eneo refu ambamo gesi na mzigo vina joto linalokaribiana, na halibadiliki sana kwa mita kadhaa. Kwa kawaida liko kati ya nyuzi 900 na 1000. Joto hilo halikuja kwa bahati. Linawekwa na koki: ndipo koki ya kawaida inapoanza kuliwa na CO2 kwa nguvu na kunyonya joto.

Ukiingiza kaboni inayoanza kazi mapema, kwa mfano kwenye nyuzi 800 au 850, ukanda wote unashuka kuelekea joto hilo. Na hapa kemia inatusaidia kwa namna ambayo wanafunzi wengi huikataa wanapoisikia mara ya kwanza. Kazi ya CO kunyang'anya wustiti oksijeni inatoa joto kidogo, kwa hiyo inapendelea joto dogo. Kwenye nyuzi 1000 inakwama CO2 ikiwa karibu asilimia 28; kwenye nyuzi 800 inaruhusiwa kwenda mpaka karibu asilimia 35. Maana yake, gesi ile ile inaweza kubeba oksijeni nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Gesi ikibeba zaidi, unahitaji gesi kidogo kwa kila tani ya chuma. Gesi ikipungua, koki inapungua.

Mfaransa André Rist aliuchora uhusiano huu kwa mstari mmoja unaozunguka kwenye nukta, na mchoro wake unafundishwa mpaka leo. Mwanafunzi anayetaka kuielewa mada hii asiuruke. Akishaona ile nukta inavyohama joto la ukanda linaposhuka, hatahitaji mtu kumshawishi.

Je, imejaribiwa kwenye tanuru la kweli, au ni ya maabara tu?

Imejaribiwa. Wajapani ndio waliokwenda mbali zaidi.

Nippon Steel walitengeneza vidonge vyenye kaboni ya karibu asilimia 20, vilivyogandishwa kwa simenti bila kuchomwa, wakavitumia kwenye tanuru la kiwanda chao cha Oita. Matanuru ya Oita yana ujazo unaozidi mita za ujazo 5,000, ni kati ya makubwa kabisa duniani. Walichokiona ni kwamba kila kilo ya kaboni iliyoingia kupitia vidonge ilipunguza matumizi ya jumla ya kaboni kwa zaidi ya theluthi moja ya kilo. Tafadhali soma vizuri: matumizi ya jumla, yaani baada ya kuhesabu kaboni ya vidonge vyenyewe.

JFE, kampuni nyingine ya Kijapani, walichukua njia nyingine. Walichanganya makaa ya mawe ya hali ya chini na kiasi kidogo cha unga wa mawe ya chuma, wakafinya briketi, kisha wakazioka kwenye tanuru la wima mpaka makaa yakawa koki na sehemu ya mawe ikawa chuma. Chembe za chuma zilizotawanyika ndani ya koki hiyo zinaifanya iwe nyepesi kuliwa na CO2. Wanaiita fero-koki. Mwaka 2020 walikamilisha huko Fukuyama mtambo wa majaribio wa tani 300 kwa siku.

Kwa hesabu ya mkono: tanuru linalotoa tani 10,000 kwa siku likipunguza kilo 20 za kaboni kwa tani, ni tani 200 za kaboni kila siku, sawa na zaidi ya tani 700 za CO2.

Basi kwa nini wasiondoe koki kabisa?

Kwa sababu kuna kazi moja ambayo kitu kingine hakiiwezi. Chini ya tanuru kila kitu kinalainika na kuyeyuka isipokuwa koki. Ndiyo inayobeba uzito wa mzigo wote wa juu, na ndiyo inayoacha nafasi ili gesi ipande na chuma kidondoke. Tanuru likiwa kubwa zaidi, koki inatakiwa iwe na nguvu zaidi.

Uzuri wa mawe yenye kaboni ni kwamba yanagawa kazi. Koki kubwa na ngumu inabaki kubeba. Kaboni ya ndani ya briketi inajitoa kuliwa na CO2 kwanza, kwa hiyo koki kubwa inafika chini ikiwa nzima. Zamani koki ile ile ilibidi ibebe mzigo na pia iliwe na CO2, kazi mbili zinazopingana.

Kaboni iwe kiasi gani ndani ya briketi?

Hematiti safi ya gramu 160 ina oksijeni ya gramu 48. Ili kuiondoa yote ikatoka kama CO, unahitaji kaboni gramu 36. Ukizichanganya, kaboni ni karibu asilimia 18 ya mchanganyiko. Mawe ya kweli yana udongo na mchanga ndani yake, kwa hiyo yanataka pungufu kidogo. Vidonge vya asilimia 20 vinajitosheleza, na kaboni inayobaki inawasaidia majirani.

Ukizidisha sana, briketi inakuwa dhaifu, maana kaboni haishikani na simenti vizuri. Na ukumbuke kwamba kazi hii inakula joto. Ukiijaza tanuru briketi hizi bila kurekebisha hewa ya chini, sehemu ya juu inapoa, mzigo haukauki vizuri na tanuru linakuwa gumu kuongoza.

Kwa nini kaboni isiwekwe tu kwenye sinta au vidonge vya kawaida?

Itaungua. Sinta, yaani unga wa mawe ya chuma ulioshikanishwa kuwa mapande, hutengenezwa kwa kuchoma kwenye karibu nyuzi 1300, na vidonge vya kawaida vivyo hivyo, kukiwa na hewa. Ndiyo maana inabidi kutafuta namna ya kugandisha bila moto, au kuoka bila hewa.

Simenti ina shida gani?

Ni rahisi, inajulikana, haihitaji tanuru. Unachanganya, unafinya, unaacha ikauke siku kadhaa. Lakini simenti inapoteza maji yake ya ndani kati ya nyuzi 500 na 700, na hapo briketi inaanza kulegea kabla chuma hakijazaliwa kuishikilia. Kipande kikivunjika kuwa unga ndani ya tanuru, kinaziba njia ya gesi, na hasara yake inaweza kumeza faida yote. Tena simenti ni chokaa na silika: inaongeza skori, na kila kilo ya skori inataka joto lake.

Njia ya pili ni kufinya moto. Makaa mengine ya mawe yanalainika kwenye nyuzi 400 hadi 500, na yakifinywa hapo yanakuwa gundi yenyewe. Briketi zake ni imara kuliko za simenti, ila mashine ni ghali. Kwa maoni yangu, uimara kwenye joto la kati ndilo swali kubwa la fani hii, kuliko kemia yenyewe. Kemia tunaielewa vya kutosha.

Hakuna njia ya bei nafuu zaidi?

Ipo, na ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo: vipande vidogo vya koki, vile vinavyobaki baada ya kuchekecha, vichanganywe ndani ya tabaka la mawe badala ya kutupwa au kuuzwa. Viwanda vingi duniani vinafanya hivyo. Ukaribu wake si wa chembe kwa chembe, na joto la ukanda halishuki kama kwa briketi, lakini vipande hivyo vinaliwa kwanza na kuilinda koki kubwa.

Vumbi na tope za viwandani zinaweza kutumika?

Ndiyo, na kwa kweli ndiko briketi za simenti zilikoenea zaidi. Vumbi linalokusanywa kwenye gesi ya tanuru tayari lina chuma na kaboni pamoja. Kampuni ya chuma ya SSAB ya Sweden wamelirudisha tanuruni kwa briketi za simenti kwa miaka mingi.

Adui ni zinki. Inageuka mvuke chini, inapanda, inaganda kwenye ukuta juu, inashuka tena na mzigo, na kila mzunguko inaongezeka na kula matofali. Nasisitiza hili kwa wasomaji wa hapa kwa sababu kuna wanaouliza kama skori ya terili yetu, ule mlima ulio karibu na dohani, inaweza kutengenezwa briketi za chuma. Skori hiyo ina zinki nyingi, na ina shaba, ambayo haitoki kwenye chuma ikishaingia na inakifanya kipasuke kinapofinywa kikiwa moto. Thamani ya terili iko kwenye kobalti na shaba. Kuitafutia chuma ni kupoteza.

Na makala yetu? Yana faida kuliko makaa ya mawe?

Kwa kemia, ndiyo. Makala ya miti yana majivu machache, salfa kidogo sana, na yanaliwa na CO2 mapema kuliko koki. Brazili, katika jimbo la Minas Gerais, kuna matanuru madogo yanayotumia makala peke yake. Ni madogo kwa sababu makala hayawezi kubeba mzigo mzito.

Lakini Brazili wanapanda mikalitusi kwa kazi hiyo. Sisi tunakata miombo. Kila anayepita barabara ya Kasumbalesa au ya Likasi anaona baiskeli zilizobeba mifuko ya makala, na anaona pia pori lilivyorudi nyuma. Makala hayo ni moto wa jikoni wa familia za Lubumbashi. Kiwanda cha chuma kikiingia kwenye soko hilo bila mashamba yake ya miti, bei itawaumiza akina mama kabla ya kumnufaisha yeyote. Siwezi kumshauri mtu afanye hivyo.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Katanga, ambao hatuna tanuru refu la chuma?

Yanatuhusu kwa njia tatu. Ya kwanza, tanuru la umeme linalotoa aloi ya kobalti kwenye skori linafuata sheria zile zile: kaboni inanyang'anya oksijeni, na mahali kaboni ilipo ndani ya mzigo panaamua inafanya kazi kiasi gani. Ya pili, makaa ya Luena, ambayo hayakufaa kwa koki, hayana sababu ya kukataliwa kwenye briketi. Ndani ya briketi kaboni haihitaji kuwa ngumu, inahitaji kuwa na majivu na salfa vya kuvumilika, na hilo hupimwa maabara. Ya tatu, nondo tunazojengea nyumba zinakuja kwa malori kutoka nje, wakati Kongo ina mawe mengi ya chuma kaskazini-mashariki. Siku uamuzi wa kuyayeyusha utakapofika, afadhali mezani wawepo wahandisi wa hapa wanaojua kuuliza maswali sahihi.

Hidrojeni si inakuja kumaliza mambo haya?

Sweden, mradi wa HYBRIT ulitoa chuma chake cha kwanza kilichonyang'anywa oksijeni kwa hidrojeni mwaka 2021, huko Luleå. Ni kazi kubwa na naifurahia. Lakini karibu asilimia 70 ya chuma cha dunia bado inapita njia ya tanuru refu, na matanuru hayo hayatazimwa kwa pamoja. Mawe yenye kaboni hayafuti CO2, yanaipunguza kwenye mitambo iliyopo. Atakayekuambia yanafanya zaidi ya hapo anakuuzia kitu.

Tunaweza kufanya jaribio dogo shuleni?

Mnaweza, mkiwa na tanuru la maabara linalofika nyuzi 1100 na mahali penye feni ya kutolea gesi. Msifanye ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi inayotoka ni CO, haina harufu, na ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na mbabula (jiko la makala) chumbani.

Sageni hematiti na makala kuwa unga laini, kila kimoja peke yake. Makala yakaushwe na kuchomwa kwanza ndani ya chombo kilichofunikwa ili gesi zake zitoke, la sivyo hesabu ya uzito itadanganya. Kwa gramu 100 za hematiti wekeni gramu 22.5 za kaboni, mkikumbuka kutoa majivu kwenye hesabu. Changanyeni, finyeni, pimeni uzito, funikeni, choma kwa saa moja, acheni ipoe bila kufunua. Ikifunuliwa ikiwa moto, chuma kitashika oksijeni tena mbele ya macho yenu.

Kisha pimeni. Kama oksijeni yote imetoka kwa njia ya CO, gramu 122.5 zitabaki 70, yaani upungufu wa karibu asilimia 43. Msitegemee sumaku peke yake, kwa sababu magnetiti nayo inavutwa. Tumieni tupa na mizani. Halafu rudieni na uzito ule ule, lakini safari hii wekeni makala tabaka la chini na hematiti tabaka la juu bila kuchanganya, kwa joto lile lile na muda ule ule, na mlinganishe namba mbili hizo.